Kopo la odii na safari ya shilingi kurudi nyumbani

*Asalaam aleikum kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua. Huu mwaka wa pili natengeneza odii, yaani siagi ya njugu (karanga) na simsim, Jumamosi na Jumapili, nauza kopo la gramu 400 kwa shilingi 6,000. Walimu wenzangu na majirani wanaisifu mno. Nimeweka akiba ya milioni 6 na mpango wangu ni huu: mashine kubwa ya kusaga milioni 3 na nusu, lebo nzuri 5,000 kutoka Kampala milioni 1 na nusu, na milioni 1 itakayobaki nipeleke mzigo kwenye supamaketi za Kampala. Kilo 10 za njugu na simsim nazinunua 65,000, zinatoa makopo 25. Kopo tupu na kifuniko chake 800, lebo 300. Kwa hiyo kila kopo linaniachia 2,300. Nianzie wapi? Na je, niache ualimu?*

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kalamu ikiwa mkononi. Wengi wanaoniandikia huniambia bidhaa yao ni tamu na wanatafuta mtaji. Wewe umeniletea tarakimu, na mtu mwenye tarakimu anasaidika. Mimi natengeneza sosi ya pilipili hapa Kampala tangu 2011, na karibu kila kosa unalolikaribia nimeshalifanya, kwa hiyo nitasema wazi. Odii yako huenda ni nzuri sana, ila mpango wako umeanzia mwisho. Mashine, lebo na Kampala vina wakati wake. Kwanza ujue shilingi yako ikitoka mkononi inakaa siku ngapi njiani kabla ya kurudi, na ikirudi inakuja na wenzake wangapi. Biashara za chakula nilizoziona zikifa, nyingi zilikufa wateja wakiwepo, mali ikiwa imejaa kwenye rafu za watu wengine na mwenye mali hana nauli.

Tuanze na hayo makopo 25. Kilo 10 zingetoa makopo 25 kama kila punje uliyoinunua ingeingia ndani ya kopo. Haiingii. Jumamosi hii azima mizani ya dukani upime mara nne: ulivyonunua, baada ya kuchambua, baada ya kukaanga na kupepeta, na baada ya kusaga. Punje zilizosinyaa na zenye ukungu zinatoka. Maji yanatoka motoni. Ngozi nyekundu inapeperuka kwenye ungo. Na kuna rojo linalobaki limegandamana ndani ya mashine ya kibanda cha mtaani unakosagia, ambalo huliondoi hata ukikwangua kwa kijiko. Ukibaki na kilo 8 na nusu umefanya vizuri, na hizo ni makopo 21. Maana yake njugu na simsim za kopo moja si 2,600, ni karibu 3,100.

Sasa weka yale ambayo hukuyaandika. Kibandani, tuseme wanakutoza 5,000 kusaga mzigo huo. Gawanya kwa 21, ni kama 240 kwa kopo. Mkaa wa kukaangia 5,000, tena 240. Boda ya sokoni, ya kusagia na ya kusambaza 6,000, ambayo ni karibu 290. Na kazi yenyewe? Siku nzima mnashinda jikoni wewe na binti anayekusaidia. Mkilipwa 15,000 kwa pamoja, wala si pesa nyingi, ni kama 700 kwa kopo. Jumlisha na kopo tupu na lebo: gharama ni 5,670. Unauza 6,000. Faida yako ni shilingi 330, si 2,300.

Najua utasema kazi yako mwenyewe hailipwi kwa sababu ni yako. Dada, ihesabu. Siku utakapougua, au utakapohitaji mtu wa kukaa jikoni wewe ukiwa darasani, mtu huyo atataka pesa, na kama bei yako haikumwekea nafasi tangu mwanzo, biashara itasimama siku hiyo hiyo. Kwa hesabu hii, kopo moja ukimpa shangazi aonje umempa faida ya makopo 17. Bado hatujamgusa mwenye supamaketi, ambaye hatakubali kununua kwa 6,000 auze kwa 6,000. Atataka na yeye ale, kwa hiyo utamuuzia chini ya gharama yako, na mzigo ukiwa mkubwa ndivyo utakavyopoteza kwa haraka zaidi.

Bei ya gramu 400 haiwezi kuwa chini ya 8,000 kwa mlaji. Mwenye duka mpe kwa 7,000. Yeye abaki na 1,000, wewe ubaki na 1,330. Wateja wengine wataguna. Ndiyo maana nataka utengeneze pia kikopo cha gramu 100. Nimekukadiria hivi: odii ya ndani 775, kikopo 400, lebo ndogo 150, na kusaga, mkaa, boda na kazi 450, jumla 1,775. Mwenye kiosko umuuzie 2,200, naye auze 2,500. Unabaki na 425, zaidi ya unachopata leo kwenye kopo lililo kubwa mara nne. Watu wetu wengi wanapokea pesa kwa siku, si kwa mwezi, na wananunua sabuni, mafuta na sukari kwa kipimo cha siku. Si kwamba hawaitaki odii yako. Shilingi 8,000 kwa mkupuo hawana, 2,500 wanayo. Ila usije ukashawishika kufunga kwenye kaveera nyepesi ili kupunguza gharama. Sheria ya mazingira ya 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene chini ya maikroni 30, na zaidi ya sheria, mafuta ya odii yanapenya huko mpaka kiosko kizima kinanuka.

Hizo tarakimu zangu zisimamie mpaka upime za kwako. Soko la Arua unalijua wewe, mimi nakadiria nikiwa Kampala.

Sasa supamaketi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Ukitoa mashine na lebo kwenye milioni 6 unabaki na milioni 1. Tuseme supamaketi moja tu inakuagiza makopo 200. Kwa gharama ya 5,670, mzigo huo ni shilingi 1,134,000. Yaani pesa yako haitoshi hata mzigo wa kwanza, na bado hujalipa basi. Nao hawalipi siku unayoleta. Wanachukua kwa mali kauli au kwa ankara ya siku 30, siku 60, na siku hizo zina kawaida ya kurefuka. Wakati unangoja malipo ya mzigo wa kwanza wataagiza wa pili na wa tatu, na ukishindwa kuleta, nafasi yako kwenye rafu anapewa mwingine.

Mimi nilipeleka katoni 40 za chupa 12 kwenye supamaketi moja hapa mjini. Tulikubaliana siku 30. Kila Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa mhasibu, nimeshika bahasha yenye hati ya kupokea mzigo, imekunjwa mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mlinzi alishalijua jina langu. Jibu lilikuwa moja: anayetia sahihi hajafika. Nililipwa mwezi wa saba tangu nipeleke mzigo. Kuchelewa huko kuliniuma, lakini kosa kubwa lilikuwa langu: mwezi wa tatu waliagiza tena, chupa zilikuwa zinauzika, nikaogopa kupoteza rafu, nikakopa kwa mkopeshaji wa mtaani ili niwapelekee mzigo mwingine. Nikawa nalipa riba ili kuwakopesha watu walio na pesa kuniliko.

Na majina makubwa nayo hufunga milango. Kampala tumeona Uchumi ikifunga 2015, Nakumatt 2017, Shoprite ikaondoka 2021. Supamaketi yangu ile haimo katika hizo, nazitaja tu ili ujue kwamba ukubwa wa jengo si dhamana ya malipo. Wewe tena uko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, mlizunguka na mizigo njia ndefu miezi kadhaa, unakumbuka mwenyewe nauli ilivyokuwa. Kampala utakuja. Utakuja siku ambayo mzigo mzima ukikwama miezi minne, jikoni kwako njugu zinaendelea kukaangwa na wewe unalala usingizi.

Kuna jambo jingine kabla ya soko. Hukuliuliza, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Mwaka wangu wa pili, saa nne za usiku, mama mmoja mwenye duka Ntinda alinipigia: "Kaka, chupa zako zinalia." Nikapanda boda. Nilikuta chupa sita zimeinua vifuniko, zinafoka taratibu, na povu jekundu limeteremka ubao kwa ubao mpaka kwenye pakiti za sukari za rafu ya chini. Nilikuwa nimepunguza siki na kuongeza kitunguu ili nipunguze gharama, na sikupima asidi. Sosi ya namna ile inatakiwa ikae chini ya pH 4.6, na chini zaidi ili uwe na amani. Yangu ilikuwa imeanza kuchachuka ndani ya chupa. Nilimlipa mama sukari yake, na wiki hiyo nikarudisha mzigo kutoka maduka 11.

Lakini sosi yangu ilipiga kelele, tukaisikia. Njugu zina sumu isiyopiga kelele. Wanaita sumukuvu, aflatoksini, inatokana na ukungu unaoota kwenye njugu na mahindi yasiyokauka vizuri. Haionekani, haina ladha, na hili lishike: kukaanga hakuiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, na mwenye homa ya ini ya aina B yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa njugu ni sehemu 10 kwa bilioni, zisizidi. Nawe unalisha watoto wa watu.

Sehemu kubwa ya ulinzi iko mkononi mwako na haihitaji mashine ya milioni 3. Nunua kwa mkulima unayemjua, aliyeanika juu ya turubai na si juu ya udongo. Shika ganda utikise, punje zilizokauka zinagonga ndani. Usinunue zilizolowekwa maji ili maganda yabanduke upesi. Ukizishika ndani ya gunia utahisi ubaridi na unyevunyevu. Wakichelewesha mzigo kwa sababu ya mvua, waache wacheleweshe. Kisha kuchambua. Tandika kitambaa cheupe mezani karibu na dirisha, mwaga kilo moja moja, utoe kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye vumbi la kijani au la kijivu. Kazi hii inachosha macho na inakula saa nzima, lakini sumu nyingi imejikusanya kwenye punje hizo chache. Ulizozitoa choma. Usizipeleke sokoni kwa bei ya chini, usizisage ziwe mchuzi wa nyumbani, kuku pia usiwape.

Na hapo sasa ndipo mashine inapoingia, kwa sababu nyingine kabisa na ile uliyoiwaza. Kibandani unasaga baada ya mtu mwingine. Lile rojo linalobaki ndani, ambalo tumelihesabu kama hasara yako, ni rojo la aliyekutangulia pia, na hujui njugu zake alizichambua au alizimwaga tu. Unaweza kuchambua mpaka macho yaume halafu ukachanganya na ya jirani dakika ya mwisho. Kwa hiyo ununue mashine, ndiyo, lakini ndogo, ya kukutosha kilo 20 kwa siku, inayofunguka yote ukaiosha na kuikausha. Uliza kwanza wenye mashine mtaani kwako umeme unakatika mara ngapi kwa wiki na kisu kinapatikana wapi kikichakaa. Ile kubwa ya milioni 3 na nusu itakaa bila kazi siku tano kati ya saba, na pesa iliyogeuka chuma haikusaidii njugu zikipanda bei.

Kila unaposaga, weka kando vikopo viwili vyenye tarehe, kimoja mahali pa baridi, kimoja pale dukani jua linapopiga. Fungua kila baada ya wiki mbili, nusa, onja, andika. Odii haichachi kama sosi yangu kwa sababu ni kavu, adui yake ni joto na mwanga, mafuta yanageuka na kuanza kunuka kama rangi ya ukutani. Muda utakaoandika kwenye lebo utoke kwenye vikopo hivyo, si kwenye lebo ya mtu mwingine. Na andika kwa herufi zinazosomeka: koroga kabla ya kula. Mafuta yakielea juu, mteja mgeni hudhani imeharibika na hakuambii. Haji tena tu.

Hapo nimegusa jambo la wateja. Walimu wenzako na majirani wanakusifu, na sikatai sifa zao, ila wanakupenda wewe kabla hawajaipenda odii. Asiyekujua akinunua mara ya kwanza amenunua lebo, au njaa, au maneno ya muuzaji. Akirudi mara ya pili bila kukumbushwa, sasa hapo amenunua odii. Kwa miezi miwili nataka uhesabu kitu hicho kimoja. Tafuta vioski sita mbali na mtaa wako, kila kimoja vikopo kumi na viwili, na daftari ambalo mwenye kiosko anachora kistari mtu akirudi. Muombe kwa upole na umpe kikopo cha bure, atachora. Wasiokujua mia moja wakinunua na thelathini wakarudi ndani ya mwezi, niamini, una biashara. Wakirudi watano, badilisha chumvi, badilisha usagaji, badilisha bei, lakini usichapishe lebo 5,000.

Na uko Arua, dada, sehemu ambayo mimi wa Kampala naionea wivu. Wewe ni mwalimu, unajua shule za bweni zinafungua lini, mihula mitatu kwa mwaka, na unajua mzazi anavyonunua siku ya mwisho akiwa na orodha mkononi: sabuni, karatasi za choo, sukari, odii. Mzazi yule analipa taslimu, hana muda wa kubembeleza bei. Wiki mbili kabla ya kufungua kila muhula ujaze makopo ya gramu 400, uyapeleke kwenye maduka yanayouza vifaa vya shule, na siku za kutembelea watoto uwe na mtu karibu na lango. Hapo shilingi yako inatoka Jumatatu inarudi Ijumaa. Linganisha na mwezi wa saba.

Halafu paki ya mabasi. Abiria wa usiku anayekuja Kampala hatoki Arua mikono mitupu, lazima abebe kitu cha nyumbani kwa ndugu. Kopo lako likiwa pale kwa 8,000, lenye namba ya simu iliyo wazi, atalileta yeye mwenyewe mpaka Kampala bila wewe kulipia usafiri. Ndugu zake wakianza kukupigia, supamaketi utaingia ukiwa na majina na namba, na anayekuagiza utazungumza naye mmekaa sawa. Na wafanyabiashara wa Ariwara, upande wa Kongo, wanaovuka mpaka kuja kununua Arua, wauzie taslimu hapo hapo. Mstari mmoja wa Kiswahili kwenye lebo utakusaidia kwao, ng'ambo wanakisoma.

Makaratasi sitayarefusha. Jina la biashara unalisajili URSB, ofisi ya usajili, nambari ya mlipakodi unaipata URA, mamlaka ya mapato, bila malipo, leseni ya biashara ni ya jiji. Mauzo chini ya milioni 10 kwa mwaka hayalipi kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo; kati ya milioni 10 na 150 kuna kodi nyepesi inayokokotolewa kwa mauzo; VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakulazimu ukivuka milioni 150. Ukianza kuuzia wateja wakubwa ujue wengine wamepewa jukumu la kukata asilimia 6 kwenye ankara zaidi ya milioni 1 na kuipeleka URA kwa niaba yako. Dai hati yake kila wanapokukata, maana hiyo ni kodi uliyokwisha lipa. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango, utaihitaji kwa supamaketi, nao watakuja kukagua jiko lako: sakafu, wavu wa dirishani, maji, mahali pa kunawia, na mashine. Nenda ofisi yao ya Gulu ukaulize kabla ya kujenga chochote, kuuliza hakulipiwi na kuvunja ukuta kunalipiwa.

Kwenye jina niongeze neno. Usiite bidhaa yako "Odii Bora" au "Odii ya Arua" ukadhani umepata chapa. Odii ni jina la kitu chenyewe, kila mama wa kaskazini analo, huwezi kumzuia mtu kulitumia. Angalia Mukwano: ni Kiganda, maana yake rafiki, na neno rafiki halina uhusiano wowote na sabuni wala mafuta ya kupikia, ndiyo maana likasimama peke yake dukani. Tafuta neno la namna hiyo, la Kilugbara au la nyumbani kwenu, ambalo bibi anaweza kulitamka kwa muuza duka bila kuonyesha kwa kidole. Kagua URSB kama halijachukuliwa, kisha liandikishe kama alama ya biashara. Inalindwa miaka 7 ya kwanza, ukihuisha ni miaka 10 kila mara.

Lebo chapisha 300 tu. Wachapaji wa Barabara ya Nasser hapa Kampala watakuambia 5,000 ni nafuu kwa moja moja, na ni kweli. Nilichapisha 8,000 kwa sababu hiyo hiyo. Zilikuwa zinapendeza, rangi tatu, pilipili imechorwa kama inang'aa. Hazikuwa na mahali pa namba ya mzigo wala tarehe ya kutengenezwa, na sehemu ya uzito haikueleza uzito halisi. Zilibaki kwenye boksi chini ya kitanda changu miaka minne. Lebo yako iwe na jina la kitu, vilivyomo, onyo kwamba ina karanga na simsim, uzito, jina na mahali unapotengenezea, simu, na nafasi mbili tupu za kugonga muhuri wa tarehe na namba ya mzigo. Namba ya mzigo usiidharau. Chupa zilipolia nililazimika kurudisha kila kitu, hata zile nzima, kwa kuwa sikuweza kujua zipi zilipikwa siku gani.

Pesa ya odii iwe na laini yake ya simu, tofauti na ya mshahara na ya nyumbani. Kila shilingi ya mauzo iingie humo kwanza, hata ya jirani. Na ndugu wakikopa, wakope kwako wewe mwalimu, kutoka mshahara wako, usiwape kutoka kwenye biashara. Hili linaudhi mwanzoni. Mimi mjomba wangu wa Bombo alininunia mwaka mzima, baadaye akawa wa kwanza kununua kwa katoni.

Kwa hiyo hiyo milioni 6 iweke hivi: sehemu kwa mashine ndogo, meza na turubai, kidogo kwa lebo 300, usajili na safari ya Gulu, milioni 2 za kununulia njugu wakati wa mavuno, zikiwa kavu na bei iko chini, na milioni 2 zisiguswe kabisa. Hizo za mwisho ni za mwezi ambao mvua inanyesha, binti anaumwa na kiosko kimoja kimehama usiku na vikopo vyako.

Ualimu usiuache. Mshahara wako ndiyo mwekezaji wako wa sasa, na haudai riba wala hisa. Subiri mpaka upate miezi mitatu mfululizo ambayo odii, baada ya kumlipa binti na kukulipa wewe, imekuachia kiasi kinacholingana na mshahara, na mmoja wa miezi hiyo uwe katikati ya muhula, siyo wiki za kufungua shule. Hata hapo zungumza na mwalimu mkuu kwanza. Huenda ukapunguziwa vipindi kabla ya kuondoka kabisa.

Daftari la vioski sita likifika wiki ya nane, niandikie. Nitumie vistari tu, vya walionunua na vya waliorudi.

Kaka yako, Kampala